Simba Aliyefungwa Anamwomba Nani?

Mtunga Zaburi ya 104, anapozitaja kazi za Mungu tangu mawinguni hadi vilindi vya bahari, hamsahau simba. Anasema kwamba giza likiingia wanasimba hunguruma wakitaka mawindo, na kwamba kunguruma huko ndiko kumwomba Mungu chakula. Jua likitoka wanarudi kulala, na hapo ndipo mwanadamu naye anatoka kwenda kazini. Usiku ni zamu ya simba, mchana ni zamu ya mtu, na wote wawili wanakula kwa mkono mmoja.

Zaburi hiyo tumeisoma mara nyingi usharikani, hasa wakati wa mavuno, na mistari ya simba huwa tunaipita haraka ili tufike kwenye sifa za mwisho. Lakini ina neno zito. Simba anaomba. Hajui Baba Yetu, ila anaomba, na Mungu anamjibu kwa swala, kwa nyumbu, kwa nyati mzee aliyeachwa na kundi. Katika Ayubu 38 Bwana anamwuliza Ayubu kama yeye ndiye anayewatafutia simba mawindo. Jibu ni hapana, na Ayubu anajua kwamba ni hapana. Hakuwa na simba wa kulisha.

Sisi tunataka kumtazama mtu ambaye jibu lake si hapana. Mtu huyu amemkamata simba, au amemnunua, amejenga kuta nne na kumtia ndani. Usiku simba ananguruma kama alivyonguruma babu yake. Anamwomba nani? Mkono wa Mungu haujafupika, lakini swala hawezi kupita kwenye zege. Dua ni ileile, ila sasa iko mlangoni kwa mtu mwenye ufunguo.

Swali hili hatukulitoa kitabuni. Lilitupata Jumatatu ya Pasaka, tulipotoka kutembea kama familia: baba, mama, Bibi aliyekuja kula sikukuu nyumbani, na watoto wanne, mkubwa wa darasa la sita na mdogo wa chekechea. Mdogo ndiye aliyechagua safari. Shule ya Jumapili walikuwa wamefundishwa habari za Danieli, na mwalimu wao, mama mwenye sauti nzito, alinguruma vizuri kiasi kwamba kwa majuma mawili kwetu hapakulalika. Mtoto akataka kumwona simba wa Danieli kwa macho yake.

Watu husema Tanzania ina simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na ni kweli. Lakini kwa familia kama yetu simba wa Serengeti yuko mbali sana. Panahitajika gari, mafuta, kiingilio na mahali pa kulala. Wapo wazee usharikani kwetu waliozaliwa na kuzeeka katika nchi hii ambao simba wanayemfahamu ni yule wa kwenye noti ya shilingi elfu mbili. Bustani ya wanyama iliyo nje kidogo ya mji ndiyo Serengeti ya mtu wa daladala. Jina lake hatulitaji. Bustani za namna hiyo zipo nyingi, hapa na ng'ambo, na hatuandiki mashitaka.

Tulipanda daladala mbili na bajaji moja, tukiwa na chapati, mayai ya kuchemsha na dumu dogo la juisi ya ukwaju. Kibao cha getini kilichorwa twiga, chui, tembo, na simba ambaye manyoya yake ya shingoni yamechanwa kama nywele za bwana harusi. Twiga hakuwepo. Banda la chui lilikuwa limeota magugu, na mbele yake kibao kilikuwa bado kinaeleza chakula na tabia za mnyama ambaye hayupo. Tembo, tuliambiwa, hakuwahi kuwepo. Waliokuwepo ni mamba watatu katika dimbwi la maji ya kijani yenye chupa na pakiti za biskuti zinazoelea, mbuni mmoja aliyenyonyoka mgongo, kobe kadhaa, chatu ndani ya sanduku la kioo kilichopasuka na kuzibwa kwa selotepu, nyani kumi na kitu katika kizimba kimoja, fisi aliyejificha kwenye kona, na simba. Bembea za watoto zilikuwa zimekatika minyororo. Choo hatutakieleza.

Simba alikuwa dume, peke yake, katika banda la zege lenye nondo mbele, ambalo halikuzidi sebule mbili kwa ukubwa. Mifupa ya nyonga ilikuwa imetokeza. Alikuwa anatembea: hatua saba hadi ukutani, anageuza kichwa upande wa kushoto, hatua saba kurudi, anageuza tena upande uleule. Pale alipopita sakafu ilikuwa imelainika na kung'aa, kama ngazi ya ofisi ya zamani. Wanaosoma tabia za wanyama wanakujua kutembea huku. Mnyama akifungwa mahali padogo, bila kazi wala mwenzake, huanza kurudia tendo moja, na tendo hilo ni dalili ya taabu ya ndani, kama kikohozi kisichoisha kilivyo dalili ya ugonjwa wa kifua. Simba wa porini hulala hata saa 20 kwa siku moja, kwa hiyo simba anayesinzia mchana hana neno. Wa kusikitikiwa ni huyu asiyeweza kulala.

Mtoto wetu alimtazama akienda na kurudi, kisha akauliza, "Amefanya kosa gani?"

Anafahamu gereza, kwa sababu daladala ya kwenda kwa shangazi yake hupita nje ya ukuta wake, na ameambiwa kwamba ndani wamo waliokosa. Baba alimjibu kwamba simba hajakosa, amefungwa ili watu wamwone. Mtoto akauliza kama Danieli naye alitiwa shimoni ili watu wamwone. Mama akasema tukale chapati.

Chapati ziliisha, swali likabaki. Hata Torati, ambayo katika Kutoka 21 inaamuru ng'ombe aliyeua mtu kwa pembe apigwe mawe, inamhukumu ng'ombe huyo baada ya kuua, na inauliza pia kama mwenye ng'ombe alionywa mapema. Ng'ombe wa Musa alikuwa na kesi. Simba huyu hana kesi. Ana kifungo tu.

Bibi hakuwa na huruma ya haraka, na tunafikiri inafaa kumsikiliza kabla ya kuendelea. Amekulia mkoa wa Lindi, baba yake alikopelekwa na kazi ya mkonge. Anayo majina ya watu waliochukuliwa na simba wakiwa kwenye madungu, wakilinda mashamba yasiliwe na nguruwe. Haya si masimulizi ya kale tu. Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2005 walionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 katika Tanzania, wengi wao katika mikoa ya kusini. Mtu anayezungumzia ustawi wa simba mbele ya Bibi inabidi achague maneno. Alisimama mbele ya zile nondo muda mrefu, mikono nyuma, kisha akasema, "Simba wa kwetu nilimwogopa. Nikimwogopa, nilijua yeye ni yeye, mimi ni mimi, na Mungu yuko juu yetu wote. Huyu wamemmaliza. Sijui nimkimbie au nimfunike khanga."

Kwa Bibi hofu ilikuwa ni heshima. Simba anayeogopwa bado ana nafasi yake katika ile Zaburi. Ana zamu yake, na mtu anamwachia usiku. Aliye nyuma ya nondo amenyang'anywa zamu. Hana usiku wala mchana, ana saa za kufungua na saa za kufunga.

Pembeni yetu walikuwepo vijana waliovaa nguo mpya za sikukuu. Walikuwa wamekasirika kama sisi, maana nao waliahidiwa twiga. Walikwenda kwenye kona ya fisi wakaanza kugonga wavu kwa kijiti, wakamrushia vizibo vya soda. "Toka wewe! Tumelipa!"

Neno hilo, tumelipa, tumelizungumza sana nyumbani tangu siku ile. Kiingilio kilikuwa shilingi elfu tano kwa mkubwa na elfu mbili kwa mtoto. Kwa nyumba yenye watu saba hiyo ni fedha ya mboga ya siku kadhaa. Aliyeonyeshwa twiga kwenye kibao ana haki ya kuuliza twiga yuko wapi, na manung'uniko yetu yalikuwa ya haki. Ila pale palikuwa na manung'uniko ya aina mbili, ya wenye tiketi na ya wenye nondo, na yote yalimhusu mtu yuleyule mwenye ufunguo. Ya kwetu yalikuwa na mdomo. Na yakikosa wa kuyasikiliza getini, yanatafuta aliye dhaifu kuliko wote, asiyeweza kutoka wala kujibu. Hapo kutoridhika kwa mtu kunageuka kuwa ukatili, kwa hatua fupi sana: nimelipa, kwa hiyo wewe unanidai hutakiwi, mimi nakudai wewe, inuka unifurahishe. Fisi hakupokea hata senti. Yeye si mdeni wa mtu yeyote.

Kizimba kinamharibu aliye nje pia, na historia inalo tukio moja ambalo Mkristo wa Afrika hapaswi kulisahau. Mwezi Septemba mwaka 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kijana wa Kiafrika kutoka Kongo aliyeitwa Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani, pamoja na orangutani. Alikuwa amepelekwa Marekani miaka miwili kabla, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya St. Louis. Maelfu ya watu walikuja kumtazama, na waliokuja walikuwa watu wa kawaida: wazazi na watoto wao waliotoka kutembea, kama sisi. Waliopinga kwa nguvu walikuwa wachungaji Weusi wa mji ule, wakiongozwa na Mchungaji James Gordon, aliyesimamia kituo cha watoto yatima huko Brooklyn. Kabla mwezi haujaisha Ota Benga aliondolewa, akapokewa katika kituo hichohicho. Baadaye aliishi Lynchburg, Virginia, na mwaka 1916 alijiua.

Hatusemi kwamba mtu na simba ni sawa. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na uovu aliotendewa Ota Benga hauna mizani ya kuupima na banda lolote la simba. Tunalitaja kwa sababu ya wale waliokuwa nje. Nondo zilikuwa zimewafundisha kwamba chochote kilicho ndani ni cha kutazamwa, na somo lile lilikuwa limeingia kiasi kwamba siku alipowekwa mwanadamu ndani hawakushtuka. Wachungaji wale walishtuka. Tunadhani ni kwa sababu walikuwa na desturi, kila Jumapili, ya kuuliza maswali ya aliyefungwa.

Turudi kwa wanyama. Wapo wapendwa wanaosema Mwanzo 1 imemaliza neno: tumepewa kutawala. Ni kweli, tumepewa. Lakini msomaji akiendelea mistari miwili tu mbele, ataona kwamba baada ya kumpa mtu mamlaka Mungu anaanza papo hapo kupanga chakula: cha mtu, kisha cha wanyama, cha ndege, cha kila kitambaacho. Mtawala bado hajakaa kitini, tayari ameonyeshwa sahani za wengine. Na katika sura ya pili kazi yake katika bustani ile ya kwanza ni kulima na kutunza. Neno tunalolitumia, bustani ya wanyama, tumelirithi bila kulifikiria. Edeni ilikuwa bustani na wanyama waliletwa mbele ya Adamu humo, lakini waliletwa wapewe majina, na hatusomi kwamba kulikuwa na wavu.

Torati nayo imejaa mambo madogo ya namna hii, ambayo wahubiri wetu huyaruka kwa sababu hayana mfano wa kusisimua. Ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Punda na ng'ombe wapumzike siku ya saba. Ukimkuta punda wa adui yako ameanguka chini ya mzigo, msaidie, na uadui wako ungoje. Mithali 12 inampima mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Hakuna hata agizo moja kati ya haya linalohusu mnyama wa porini, kwa sababu wa porini ana Mungu wa kumlisha. Yote yanamhusu mnyama aliyefungwa kamba, nira au zizi. Anayeshikwa na mkono wa mtu ndiye anayeandikiwa sheria.

Wafalme wa zamani walifanya kinyume. Wale simba wa Danieli, ambao watoto wetu wanawaogopa, walikuwa wafungwa wa ikulu, wakitunzwa shimoni kwa kazi ya kuua, na mtu hawezi kusoma jinsi walivyowarukia washitaki wa Danieli bila kujiuliza walikuwa wamekaa na njaa kwa muda gani. Katika British Museum, London, yapo mawe yaliyochongwa karne ya 7 kabla ya Kristo kwa ajili ya ikulu ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru. Moja linaonyesha simba akifunguliwa kutoka kizimbani ili mfalme amwue mbele ya watu. Mawe hayo yalichimbuliwa Ninawi. Ni Ninawi ileile ambayo Yona aliichukia, na ambayo kitabu cha Yona kinamalizika kwa Mungu kuihurumia, akitaja watu wake na, kama neno la mwisho kabisa, wanyama wake.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Tulipokuwa tunaondoka tulikutana na kijana anayehudumia wanyama, amevaa mabuti yaliyopasuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu simba wako anakula nini?"

"Leo bado. Jana alipata vichwa vya kuku."

Alieleza bila kunung'unika. Mshahara ulikuwa umesimama tangu Januari. Mwenye mali anaishi mbali na hupiga simu mwisho wa mwezi kuuliza makusanyo. Ndizi za nyani alizinunua mwenyewe sokoni, zile zilizoiva kupita kiasi ambazo wachuuzi huziuza kwa bei ya kutupa. Bibi alimwambia mahali hapa pafungwe. Kijana akasema, "Bibi, mkiacha kuja hawa hawatafunguliwa. Watakufa tu, na wa kwanza ni huyu."

Anasema kweli. Simba aliyekulia kizimbani hawezi kurudishwa porini hivihivi. Hajui kuwinda, na hamwogopi mtu, na simba asiyemwogopa mtu ndiye yule wa Lindi. Akiwa mzima, mnyama huyu anahitaji wastani wa kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku. Kwa mwaka ni kati ya kilo 1,800 na 2,500. Akitunzwa anaweza kuishi miaka 20. Aliyeweka saini ya kumpokea siku ile alikuwa anaahidi tani nyingi za nyama, ajue au asijue.

Na hapa mzee mmoja wa jumuiya yetu, mtu tunayemheshimu, alitukata kauli tulipolizungumza jambo hili Jumatano. Alisema wapo watoto mtaani kwetu ambao hawaoni nyama mwezi mzima, na ninyi mnapiga hesabu ya nyama ya simba. Alisema kwa uchungu, na uchungu wake ni wa Kikristo. Lakini hoja yake, tukiipima vizuri, ni hoja dhidi ya kujenga banda. Haiwezi kuwa hoja dhidi ya kumlisha aliyekwisha kufungwa. Anayefunga ng'ombe zizini jioni hawezi kusema asubuhi kwamba hamkatii nyasi kwa sababu jirani ana njaa. Uchaguzi ulikuwa jana, mlango ulipokuwa wazi. Tena zile kilo ambazo simba yule hakuzila hazikufika kwa mtoto yeyote. Fedha ya getini ilikwenda ilikokwenda. Mara nyingi wanaonyimwa wananyimwa pamoja: simba, na kijana wa mabuti, na wanawe ambao hatukuwaona.

Kuna wanaosema basi kila kizimba ni dhambi. Hatufiki huko. Kisiwani Changuu, ng'ambo kidogo ya mji wa Zanzibar, wapo kobe wakubwa ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Waliongezeka, kisha watu wakaanza kuwaiba, na kufikia mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Kilichowaokoa ni uzio na watu wa kuulinda. Uzio ule ulijengwa kwa faida ya aliye ndani, na hiyo ndiyo tofauti tunayoiona sisi: umewekwa kwa ajili ya nani, na nani anaamka alfajiri kwa ajili yake. Bunge letu nalo lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Anayeona mnyama anateseka hana haja ya kurusha mikono tu na kulaani. Zipo ofisi za mifugo na za wanyamapori, na barua ni barua. Sisi tumeandika yetu, kurasa mbili, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la sita kwa kuwa ndio unaosomeka.

Jumuiya haijakubaliana. Mama mmoja, mwuza samaki, anashikilia kwamba kulipa kiingilio ni kumwongezea mwenye ufunguo nguvu, na kwamba yeye hatakwenda wala hatawapeleka wanawe. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anasema kususa kunamfaa anayesusa. Anarudi nyumbani akiwa safi, na simba anabaki na hatua zake saba. Sisi tumeelekea upande wa mwalimu, kwa masharti. Aliyelipa getini ameingia katika ile dua, kwa elfu tano yake. Hawezi tena kuwa mtazamaji. Ana haki ya kuuliza na ana wajibu wa kungoja jibu, na kama jibu ni vichwa vya kuku, ana wajibu wa kulifikisha mahali panapohusika. Mwuza samaki anasema hayo ni maneno ya watu wenye nafasi. Huenda. Lakini juma lililofuata yeye ndiye aliyempa yule kijana mabaki ya samaki kwa ajili ya mamba, tena bila kuingia ndani. Alimwita nje ya geti.

Sikukuu ya Mikaeli na Watoto inakaribia, na watoto wa usharika wameomba kupelekwa kutembea. Mahali bado hapajaamuliwa. Mzee wa kanisa aliyetumwa kuuliza bei ya basi na kiingilio ameongezewa mambo mawili kwenye karatasi yake: nyama ya simba inaletwa mara ngapi kwa juma, na kijana wa mabuti amelipwa lini mara ya mwisho.